Kurt Hahn, Mwalimu wa Vikwazo na Uokozi

Kila aliyesoma shule ya bweni nchini kwetu anaujua mchakamchaka. Kengele inagongwa kabla ya jua kuchomoza, ukungu wa Umatengo umetanda hata mlingoti wa bendera hauonekani, na kiranja anapita bwenini akigonga vyuma vya vitanda. Waliopitia JKT wanamjua pia ndugu yake mchakamchaka, yaani vikwazo: ukuta wa kupanda, gogo la kupita juu ya shimo, kamba ya kuning'inia, waya wa kutambaa chini yake. Wengi wetu tumevipita, tukakwaruzwa magoti, tukacheka, bila ya kujiuliza ni nani aliyefikiri kwamba kijana wa shule, asiye askari wala asiyetazamiwa kuwa askari, afundishwe kwa njia hiyo.

Hakuwa mtu mmoja. Mfaransa Georges Hébert, ofisa wa jeshi la majini, alikuwa akiwafundisha mabaharia wake kukimbia, kupanda, kuruka na kubeba mizigo kabla ya vita ya mwaka 1914, na majeshi mengi yalijifunza kwake. Lakini mtu aliyeyaingiza mambo hayo katika malezi ya vijana wa kawaida, na ambaye kazi yake ilifika mpaka miteremko ya Kilimanjaro, ni mwalimu Mjerumani Kurt Hahn. Huko Ulaya jina lake ni kubwa. Huku kwetu kazi yake inajulikana kuliko jina, na kwa sababu hiyo nimeona inafaa kuwasimulieni maisha yake, ninyi wenzangu mliokwisha kutoka na ninyi wadogo zetu mlio bado madarasani.

Hahn alizaliwa Berlin tarehe 5 Juni, 1886, katika familia ya Kiyahudi yenye viwanda na mali. Alipomaliza masomo ya sekondari mwaka 1904 alipatwa na msiba ulioelekeza maisha yake yote: jua kali lilimpiga kichwani vibaya, na tangu hapo mwanga mkali na joto vikawa adui zake. Kijana mwenye nguvu akalazimika kukaa katika chumba chenye giza kwa muda mrefu, na hata alipokuwa mtu mzima alivaa kofia pana na kuepuka jua. Inasimuliwa kwamba humo chumbani alijizoeza kuruka juu akiwa amesimama mahali pamoja, kwa kuwa ndiyo michezo iliyokuwa imebaki katika uwezo wake. Humo humo alisoma maandishi ya Plato, Myunani wa kale, juu ya malezi ya vijana, akaanza kuota shule ambayo angeijenga siku moja.

Tuzingatie jambo hilo. Mtu aliyekuja kuwafundisha vijana maelfu kupanda kuta na milima hakuwa jitu la misuli. Alikuwa mgonjwa aliyejifunza kupima nguvu zake mwenyewe jana na leo, wala si kuzipima na za jirani.

Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na vyuo kadhaa vya Ujerumani. Kwa ajili ya afya yake alikuwa akipumzika wakati wa kiangazi huko Moray, kaskazini ya Scotland, penye ubaridi wa bahari, akapata marafiki wengi kwa wavuvi na wenyeji. Vita ilipozuka Agosti 1914 akarudi kwao Ujerumani. Huo ndio mwezi ambao meli ya Kiingereza Guendolen iliivamia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann pale Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, na nahodha wa Kijerumani hakuwa hata na habari kwamba vita imeanza. Vita ile ilifika Ziwa Nyasa mapema kuliko sehemu nyingi za dunia.

Hahn hakupigana. Alisoma magazeti ya Kiingereza kwa ajili ya wizara ya mambo ya nje, kisha akawa mshauri wa Mwana wa Mfalme Max wa Baden, aliyekuwa waziri mkuu wa mwisho wa dola ya Kaisari mwaka 1918. Ujerumani iliposhindwa, nchi ikawa na njaa, chuki na vijana wasiojua waelekee wapi. Mwaka 1920 Max alimpa Hahn sehemu ya jumba lake la Salem, karibu na Ziwa Bodensee, jumba lililokuwa zamani nyumba ya watawa, wakafungua shule.

Shule ya Salem ilianza na wanafunzi wachache, wavulana kwa wasichana. Katikati ya masomo ya asubuhi, siku kadhaa kwa juma, madarasa yalisimama na kila mwanafunzi akatoka kukimbia, kuruka na kutupa. Nasema kila mwanafunzi. Hahn hakupenda desturi ya kuwaacha kumi na mmoja wenye vipaji wacheze na mia tatu wakae pembeni kupiga makofi. Mnene, mwoga, mwenye miguu mizito, wote walikuwa na alama yao ya kuanzia na alama ya kufikia. Aliyeruka futi tatu mwezi huu akaruka futi tatu na nusu mwezi ujao, huyo alikuwa ameshinda, ingawa jirani yake anaruka futi tano.

Tena kila kijana alipewa karatasi yenye orodha ya mazoezi ya kila siku: kuruka kamba, kuoga maji baridi, kukimbia asubuhi na mengineyo. Jioni aliweka alama mwenyewe kama ametimiza au hakutimiza. Hakuna mwalimu wala kiranja aliyekagua. Mnaweza kuwaza ni wangapi katika mabweni yetu wangejaza alama zote kwa kalamu moja siku ya Jumamosi! Hahn alijua hivyo. Aliona kwamba kijana akidanganya karatasi yake mwenyewe bila ya kuonwa na mtu, atachoka kujidanganya kabla ya kuchoka kukimbia. Binafsi nadhani alitumaini mno. Lakini wengi waliopitia mikononi mwake walikiri baadaye kwamba karatasi ile iliwasumbua dhamiri kuliko fimbo.

Sasa tufike penye kiini cha habari hii. Katika miaka ile wako wengine pia Ujerumani waliokuwa wakiwafundisha vijana kukimbia, kuruka mitaro, kuvumilia baridi na kutii amri. Vikundi vya Hitler vilifanya yote hayo, na pengine kwa bidii zaidi. Mtu akitazama uwanjani kwa mbali asingeona tofauti. Mwezi wa Agosti 1932, katika kijiji cha Potempa, askari watano wa chama cha Hitler walihukumiwa kifo kwa kumwua mfanyakazi mmoja mkomunisti, waliyemkanyaga hata akafa mbele ya mama yake. Hitler akawapelekea wauaji hao simu ya maandishi ya kuwaunga mkono.

Hahn aliketi akaandika barua. Hakuwaandikia wakubwa wa serikali, wala magazeti. Aliwaandikia wanafunzi wake wa zamani. Aliwaambia kuwa jambo hilo halina katikati: wale wanaofanya kazi katika vikosi vya Hitler wachague, ama wavunje uhusiano wao na Hitler, ama wavunje na Salem. Umoja wa wanafunzi wa zamani, ndugu zangu, ambao sisi tumezoea kuujua kwa michango ya paa la bwalo na picha ya pamoja mbele ya ofisi, ndio aliouchagua kuupeleka mbele ya swali kubwa kuliko yote ya wakati wake. Barua ile ilimfanyia maadui. Hitler alipotwaa madaraka, Hahn alikamatwa Machi 1933. Marafiki zake Waingereza wakafanya juhudi, hata waziri mkuu Ramsay MacDonald akamwombea, akaachiliwa. Lakini akapigwa marufuku kukaa karibu na shule yake. Julai mwaka huo akaingia Uingereza akiwa mkimbizi wa miaka arobaini na saba.

Alirudi Moray, kwa wale wavuvi wa ujana wake. Mwaka 1934 alifungua shule ya Gordonstoun katika nyumba ya zamani iliyochakaa. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo alikuwamo kijana Philip wa Ugiriki, aliyetoka Salem na ambaye baadaye alimwoa Malkia Elizabeth wa Pili. Hapo Gordonstoun Hahn aliongeza kitu ambacho Salem hakikuwa kimekamilika: uokozi. Wanafunzi walilinda pwani usiku wa dhoruba, wakitazama vyombo vilivyo hatarini. Wengine walifunzwa kuzima moto. Mwaka 1936 alianzisha beji kwa vijana wote wa wilaya ya Moray, si wa shule yake tu. Ili kuipata, kijana alitakiwa kufikia viwango vya kukimbia, kuruka, kutupa na kuogelea, kufanya safari ya nchi kavu au majini, na kujua kuokoa maisha.

Hii ndiyo tofauti ambayo mtazamaji wa mbali asingeiona. Ukuta ule ule, kamba ile ile; ila mmoja anapanda ili awakanyage wengine, na mwingine anapanda ili amvute aliye chini.

Vita ya pili ikaja. Manowari za Kijerumani ziendazo chini ya maji zilikuwa zikizizamisha meli za mizigo katika Atlantiki. Bwana Lawrence Holt, mmoja wa wakuu wa kampuni ya meli ya Blue Funnel, aliamini kuwa meli ilipozama mabaharia vijana, wenye nguvu na afya, walikata tamaa na kufa katika mashua za kuokolea upesi kuliko wazee waliokwisha kupigwa na mawimbi maisha yao yote. Kwamba jambo hilo lilikuwa kweli kila mahali, wanahistoria wanaweza kubishana. Holt aliliamini, naye alikuwa na fedha. Yeye na Hahn wakafungua chuo Aberdovey, pwani ya Wales, Oktoba 1941, wakakiita Outward Bound, jina la meli inayoondoka bandarini kwenda baharini.

Mafunzo yalichukua siku 26. Walikuja mabaharia wanafunzi, vijana wa viwandani, polisi na zimamoto wa baadaye, na watoto wa shule. Wakapiga makasia, wakatembea milimani, wakakimbia, na wakapitishwa kwenye vikwazo vya kamba na magogo.

Nieleze kidogo namna vikwazo vinavyofanya kazi, maana wako wanaodhani kuwa ni kuwatesa watoto. Mwili kwanza. Mwenye kupanda kamba anauvuta uzito wake wote kwa vidole, mikono na mgongo; mwenye kupita juu ya gogo anafundisha vifundo vya miguu na tumbo kusawazisha; mwenye kuruka mtaro anajifunza kutua kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa. Hakuna mchezo mmoja unaotumikisha viungo vyote hivyo katika dakika kumi. Halafu moyo, nao ndio mgumu. Gogo likiwekwa chini, kila mtu hulipita akipiga mluzi. Gogo lile lile likiinuliwa futi nane, miguu inatetemeka, na ilhali upana wake haujabadilika hata kidogo. Basi mwalimu mwenye akili huanza chini, akapandisha kidogo kidogo, mpaka kijana ajue mwenyewe kwamba kinachotetemeka si gogo.

Na ukuta. Ukuta wa mbao wa kimo cha futi kama kumi na mbili, usio na pa kushika, kundi zima linatakiwa liwe upande wa pili. Mwenye nguvu peke yake hawezi. Lazima wawili wainame, mmoja apande mabegani, ashike ukingo, avutwe. Kisha walio juu wawavute waliosalia. Shida inakuja kwa mtu wa mwisho, ambaye hana bega la kukanyagia. Nani abaki wa mwisho? Hapo ndipo wanafunzi wanapojuana. Mara nyingi yule mrefu mwenye majivuno anakuta kuwa mwenye faida ni yule mwembamba mwepesi aliyekuwa akimcheka.

Kazi ya Hahn ilifika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilipofunguliwa shule ya milimani ya Outward Bound huko Loitokitok, Kenya, chini ya mteremko wa kaskazini wa Kilimanjaro. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikutana hapo, wa shule na wa kazini, wengine hawajawahi kuvaa buti. Majuma ya mwanzo yalikuwa ya mbio, vikwazo, kamba na huduma ya kwanza, kisha wakaupanda mlima wenyewe, wenye kimo cha mita 5,895 pale Kibo. Ilikuwa bado ni zama za ukoloni, na shule ile haikuwa nje ya ukoloni. Waliotuma vijana walikuwa serikali na makampuni yaliyotaka viongozi wadogo wa kuwatumikia. Hata hivyo mlimani hewa ni chache kwa kila rangi ya ngozi.

Sikusudii kumfanya Hahn kuwa malaika. Shule zake zilikuwa za ada kubwa, ingawa alijitahidi kuwaingiza watoto wa wavuvi na maskini. Ukali wake haukumfaa kila mtu. Charles, mwana wa Philip, ambaye ni mfalme wa Uingereza tangu mwaka 2022, alisoma Gordonstoun kuanzia 1962, wakati Hahn amekwisha kuondoka, na waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba alionewa na wenzake na hakuwa na raha. Baba alipapenda, mwana akapachukia, mahali ni pale pale. Kikwazo kinachomjenga mmoja kinaweza kumvunja mwingine ikiwa wakubwa wa bweni wanaachiwa kukigeuza kuwa uonevu. Waliolala mabwenini hawahitaji kuelezwa zaidi.

Nikitazama kwetu naona mambo mawili. La kwanza, ardhi yetu yenyewe ni uwanja wa vikwazo. Mtoto wa Kimatengo aliyezoea kupanda ngoro za mahindi na maharage kwenye mteremko, au kubeba kahawa kutoka bondeni, ana mapafu na miguu ambayo shule nyingine hazina. Aliyekulia Lituhi, Liuli au Mbamba Bay amepiga kasia kabla ya kujua kusoma. Lakini la pili ni kwamba nguvu hizo hazijafungwa kwenye uokozi. Ziwa letu linaua. Upepo wa mwera ukiinuka, mtumbwi uliotoka asubuhi kukiwa shwari haurudi. Septemba 1895 Askofu Chauncy Maples wa Likoma alikufa maji mashua yake ilipopinduka katika dhoruba. Julai 1946 meli ya Vipya ilizama upande wa Malawi na watu zaidi ya 140 wakafa. Hayo ni makubwa yaliyoandikwa. Wavuvi wawili watatu wa kila mwaka hawaandikwi. Na mwanafunzi wa Mbinga mjini, aliyezaliwa mlimani, mara nyingi hajui kuogelea kabisa, wala hata aliye hodari wa kuogelea hajui kumvuta anayezama bila ya kuzamishwa naye, wala namna ya kumpulizia pumzi aliyetolewa majini.

Gharama si kisingizio. Nguzo za mikaratusi tunazo tele, kamba ya katani inapatikana, mchanga wa kutulia miguu unachotwa mtoni. Panapotakiwa uangalifu ni hapa: nguzo zizikwe kina cha kutosha, kamba ikaguliwe kila muhula kwa sababu mvua za huku huiozesha, mahali pa kutua pawe na mchanga uliotifuliwa na si udongo mgumu, watoto wa kidato cha kwanza wasibebeshwe magogo ya wakubwa, na mwalimu awepo kila wakati. Wasichana wapite njia ile ile. Kama mkuu wa shule ataridhia, na kama sisi wa zamani tutachanga nguzo badala ya soda za sherehe, uwanja unaweza kuwa tayari kwa likizo moja. Kuogelea kufundishwe ziwani katika maji ya kina kifupi, penye mtumbwi wa akiba na mtu mzima mwenye kujua mahali hapo, maana mamba wako karibu na midomo ya mito.

Hahn mwenyewe aliugua akaacha uongozi wa Gordonstoun mwaka 1953, akarudi kuishi Ujerumani, katika nchi ile iliyomfukuza. Hakutulia. Mwaka 1956 beji yake ya Moray ilizaa tuzo ya vijana yenye jina la Philip, Mtawala wa Edinburgh, na tuzo hiyo ilipokelewa Kenya mwaka 1966 kwa jina la Tuzo ya Rais. Mwaka 1962 alisaidia kufungua chuo cha Atlantic, Wales, ili vijana wa mataifa yaliyopigana wasome pamoja, na humo nako wanafunzi waliendesha mashua za kuokoa watu baharini. Vyuo vya namna hiyo vimeenea duniani; kimojawapo, tangu mwaka 2019, kiko Moshi, na tawi lake liko Arusha.

Alikufa tarehe 14 Desemba, 1974, akiwa na umri wa miaka 88, akazikwa Salem. Hakuoa, wala hakuacha mtoto. Katika miaka yake ya mwisho bado alikuwa akivaa ile kofia pana kila atokapo nje, na kuwaandikia barua wanafunzi wake wa zamani.